Muhammad bin Musa al-Khwarizmi na Fungu la Mjane wa Muyinga



Ndugu zangu wasomaji, likizo iliyopita nilipanda basi hapa Gitega, nikapita Karuzi, nikafika nyumbani Muyinga nikiwa na kompyuta ya kuazima na kiburi kidogo. Rafiki yangu anayesoma mambo ya kompyuta alikuwa amenipa mazoezi ya wanaoanza: andika programu inayosema kama namba ni shufwa au witiri, andika nyingine inayotoa jedwali la saba, andika nyingine inayojumlisha namba zote kutoka 1 hadi 100. Niliyamaliza kwa wiki moja. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa hesabu, kwa hiyo nilijiona nimepanda mlima. Nikaandika na ya kwangu: programu ya kugawa mirathi.

Haikuchukua siku nyingi ikapata kazi. Babu yangu mdogo alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya kulipa mazishi na madeni zilibaki faranga 2,400,000. Alimwacha mke mmoja na ndugu zake wa kiume, na hakuacha mtoto yeyote. Wazee waliposikia kuwa kijana wao anasoma sheria chuoni, wakaniomba nihesabu. Nikafungua kompyuta mbele yao, nikaingiza namba, na programu ikatoa fungu la mjane: faranga 300,000. Mzee mmoja wa msikitini kwetu, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alihesabu kwa vidole na kupata 600,000. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Mke hupata thumuni ikiwa marehemu ameacha mtoto, na robo ikiwa hakuacha. Mimi niliandika thumuni tu. Sikuweka sharti. Kwa kukosa mistari miwili ya programu, bibi yule angepoteza nusu ya haki yake, na kwa vile yeye mwenyewe alikuwa kimya nyuma ya mlango, huenda asingedai.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka kumsoma mtu ninayetaka kuwasimulia leo. Rafiki yangu wa Gitega kila mara hutaja neno algorithimu, yaani mpangilio wa hatua unaofuatwa mpaka jibu lipatikane. Sisi tunalisoma kwa Kifaransa darasani na tunadhani ni neno la Wazungu. Kumbe ni jina la mtu, na mtu huyo alikuwa Mwislamu wa Baghdad aliyeandika kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni mirathi na wasia.

Jina lake ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Alizaliwa karibu na mwaka 780, wakati Baghdad yenyewe ilikuwa mji mchanga, kwani khalifa al-Mansur aliuanzisha mwaka 762. Nisba yake inatupeleka Khwarizm, nchi ya mto Amu Darya kusini ya bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Lakini mwanahistoria at-Tabari anamwongezea nisba nyingine, al-Qutrubbulli, na Qutrubbul ni wilaya iliyokuwa jirani na Baghdad. Basi yawezekana wazee wake ndio waliotoka Khwarizm na yeye akazaliwa Iraq. At-Tabari anamwita pia al-Majusi, na wapo walioshikilia neno hilo kusema hakuwa Mwislamu. Mimi naona jina hilo linaeleza asili ya mababu zake tu, maana kitabu chake mwenyewe kinafunguliwa kwa kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume, rehema na amani zimshukie.

Kuhusu mama yake, mke wake au watoto wake hatukuachiwa habari. Tunachojua ni kazi zake, na kazi hizo zilistawi chini ya khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Al-Ma'mun alipenda elimu kwa namna ya pekee. Nyumba ya Hekima, Bayt al-Hikma, ilikuwa mahali pa vitabu na wanazuoni, na katika zama hizo vitabu vya Wagiriki, Wahindi na Waajemi vilikuwa vikigeuzwa kuwa vya Kiarabu kimoja baada ya kingine. Al-Khwarizmi alifanya kazi humo. Na tusimpambe khalifa kupita kiasi: ni al-Ma'mun huyohuyo aliyeanzisha mihna mwaka 833, ule mtihani wa itikadi uliompeleka Imamu Ahmad bin Hanbal gerezani. Mkono uliowalisha wanahesabu ndio uliowafunga wanazuoni wa hadithi.

Karibu na mwaka 820 al-Khwarizmi aliandika kitabu kifupi cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Katika utangulizi anaeleza kwamba khalifa alimhimiza aandike kitabu chepesi, chenye yale ambayo watu huyahitaji kila siku katika mirathi, wasia, kugawana mali, mashauri, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Niliposoma orodha hiyo nilisimama kidogo. Nilidhani aljebra ilibuniwa ili kututesa shuleni. Kumbe ilipangwa kwa ajili ya watu wanaobishania shamba, kama wanavyobishania kwetu Muyinga.

Kitabu hakina alama hata moja. Hakuna x, hakuna alama ya kujumlisha, hata namba zimeandikwa kwa maneno. Kile kisichojulikana anakiita shay', yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe anauita mal, neno lilelile ambalo sisi Waswahili tunalitumia kila siku tukisema mali. Al-jabr ni kurudisha au kuunga: ikiwa upande mmoja kuna kitu kilichopunguzwa, unakirudisha na kukiongeza pande zote mbili. Neno hilo hutumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, na huko Hispania neno lililotokana nalo lilikuja kumaanisha mganga wa mifupa. Al-muqabala ni kuvikabilisha vinavyofanana vilivyoko pande mbili, kisha kuviondoa.

Mfano wake mashuhuri ni huu. Mali moja na mizizi kumi vikijumlishwa ni 39. Mzizi ni ngapi? Yeye anatoa hatua. Gawanya idadi ya mizizi kwa mbili, utapata 5. Zidisha 5 kwa 5, utapata 25. Ongeza kwenye 39, utapata 64. Chukua kipeuo chake cha pili, ni 8. Ondoa ile 5, inabaki 3, na hilo ndilo jibu. Hakiki: 9 na 30 ni 39.

Mwanafunzi wa programu akiyatazama maelezo hayo anaona kazi yake: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja ikila matokeo ya iliyotangulia. Lakini al-Khwarizmi hakutaka tuamini kibubusa. Alichora. Chukua shamba la mraba usilojua upande wake. Ongeza kipande chenye upana wa 5 upande wa kulia na kingine kama hicho upande wa chini. Shamba na vipande viwili jumla yake ni 39, lakini umbo lina pengo pembeni, pengo la 5 kwa 5. Lijaze kwa 25, na shamba lote linakuwa mraba kamili wa 64, upande wake 8. Toa ile 5 uliyoongeza, umerudi kwenye shamba lako la mwanzo. Nilichora shamba hilo kwa kijiti nyuma ya nyumba, na dada yangu mdogo, ambaye hata hajamaliza shule ya msingi, alielewa kabla sijamaliza kueleza.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ndilo la thamani zaidi. Katika aina mojawapo ya maswali, kwa mfano mali na 21 vinapolingana na mizizi kumi, anatuambia tugawanye kumi kwa mbili, tuzidishe 5 kwa 5, tutoe 21 katika 25. Inabaki 4, kipeuo chake 2. Hapo majibu ni mawili: 5 kutoa 2 ni 3, na 5 kuongeza 2 ni 7, na yote mawili ni sahihi. Lakini haishii hapo. Anatahadharisha: ikiwa ile 25 ingekuwa ndogo kuliko namba unayotaka kuitoa, swali haliwezekani, na ikiwa zinalingana, jibu ni moja tu, nusu yenyewe. Hayo ni masharti. Kama hivi, fanya hivi. Kama vile, fanya vile. Na kama haiwezekani, sema haiwezekani na usimame. Mtu wa miaka 1200 iliyopita aliweka sharti kabla ya kutoa, nami na kompyuta yangu sikuuliza kama marehemu aliacha mtoto.

Maswali yote ya namna hii aliyapanga katika aina sita, akitoa kwa kila aina njia yake. Watu kabla yake walijua kutatua baadhi ya maswali hayo, Wababeli kwa mfano, na katika zama zake alikuwepo pia Ibn Turk aliyeandika juu ya jambo hilohilo. Alichofanya yeye ni kuifanya kuwa elimu yenye mpango wake, inayoweza kufundishwa.

Kitabu chake kingine kilikuwa cha hesabu kwa tarakimu za Kihindi. Nakala ya Kiarabu imepotea, tumebakiwa na tafsiri za Kilatini. Humo alieleza namna ya kuandika namba yoyote kwa tarakimu tisa na kiduara kidogo kinachoshika mahali patupu, ili mahali pa makumi pasichanganywe na pa mamia. Kiduara hicho Waarabu walikiita sifr, nasi tukasema sifuri. Wafaransa wamelichukua neno hilohilo mara mbili, mara moja kwa sifuri na mara moja kwa tarakimu. Hapa niwaombe ndugu zangu mnaotumiana picha kwenye simu zinazodai kwamba al-Khwarizmi alivumbua sifuri, au kwamba alivumbua kompyuta: tuache. Sifuri aliipokea kutoka kwa Wahindi, na yeye mwenyewe hakuficha kwamba tarakimu hizo ni zao. Heshima yake haihitaji chumvi yetu.

Aliandika pia zij, yaani majedwali ya nyota na sayari, kwa kufuata elimu ya Wahindi iliyofika Baghdad tangu siku za al-Mansur. Aliandika juu ya kalenda ya Mayahudi, na kitabu cha Sura ya Ardhi kilichokuwa na longitudo na latitudo za mahali zaidi ya 2,400, milima, bahari, visiwa, mito na miji, akisahihisha mengi ya Ptolemy. Longitudo na latitudo ndizo zinazomwezesha mtu kukokotoa qibla ya mji wake.

At-Tabari ana kisa kimoja juu yake ambacho wasifu wake mwingi hukiruka, labda kwa kumwonea haya. Mwaka 847 khalifa al-Wathiq aliugua. Wanajimu waliitwa waangalie nyota zake, na jina la al-Khwarizmi limo miongoni mwao. Wakamtabiria miaka hamsini mingine ya kuishi. Alikufa baada ya siku kumi. Mimi sikioni kisa hicho kuwa cha kufichwa. Hesabu zile za nyota zinakuambia jua litachomoza wapi na mwezi utaandama lini. Ajali ya mtu haimo katika jedwali, na aliyekuwa bingwa wa majedwali alifedheheka alipoitafuta humo. Yeye mwenyewe alifariki karibu na mwaka 850.

Vitabu vyake viliendelea kutembea. Mwaka 1145 Robert wa Chester, akiwa Segovia, alikigeuza kitabu cha al-jabr kuwa cha Kilatini, na Gerard wa Cremona akakigeuza tena akiwa Toledo. Ile tafsiri ya kitabu cha tarakimu ilianza kwa kumtaja jina, na Walatini waliolishindwa jina al-Khwarizmi waliandika Algorizmi. Polepole jina la mtu likawa jina la ile njia ya kuhesabu, kisha la njia yoyote ya hatua kwa hatua. Mwaka 1979 mabingwa wa kompyuta kutoka nchi mbalimbali, akiwemo Donald Knuth wa Marekani na Andrei Ershov wa Urusi, walikwenda Urgench huko Uzbekistan, katika nchi ya Khwarizm, kufanya mkutano juu ya algorithimu mahali lilipotoka jina lake. Mwaka 1983 Urusi ya Kisovieti ikatoa stempu yenye sura yake, ingawa sura yenyewe ni ya kubuni.

Sasa nirudi kwenye mirathi, maana ndiko kulikonileta. Wale wanaokisoma kitabu chake kwa ajili ya hesabu mara nyingi huishia katikati na kuiacha sehemu ya wasia, wakiiona ni mambo ya mafakihi. Mafakihi nao wanaogopa hesabu. Kwa hiyo sehemu ile imekosa wenyewe. Swali lake mojawapo la mwanzo ni hili: mtu amefariki, ameacha watoto wawili wa kiume, na ameusia theluthi ya mali yake apewe mtu wa nje. Ameacha dirhamu 10 taslimu na deni la dirhamu 10 analodaiwa mmoja wa watoto wake. Kila mtu apate ngapi?

Ugumu ni kwamba fungu la yule mwana mwenye deni litakatwa kwenye deni lake, na mali yote huijui mpaka ujue fungu hilo, na fungu hilo hulijui mpaka ujue mali yote. Al-Khwarizmi anakiita kile kinachokatwa kwenye deni kitu. Mali basi ni 10 na kitu. Ondoa theluthi ya wasia, gawanya kinachobaki kwa wana wawili, na fungu la kila mwana ni theluthi ya 10 na kitu. Nalo ni sawa na kitu chenyewe. Hivyo vitu vitatu ni sawa na 10 na kitu kimoja, na kitu ni 5. Mwenye wasia anachukua 5, mwana asiye na deni 5, na mwenye deni anafutiwa 5.

Niliporudi Gitega nililifanya swali hili kuwa zoezi la kitanzi. Anza na 0. Kama mara tatu ya namba ni sawa na 10 kuongeza namba, simama. La sivyo ongeza 1 na urudi mwanzo. Programu ilisimama kwenye 5. Nikafurahi, nikabadilisha taslimu kuwa 11, na programu haikusimama. Ilizunguka na kuzunguka, feni ya kompyuta ikalia, mpaka rafiki yangu akanionyesha kwamba jibu ni 5 na nusu, na mimi nilikuwa nikiruka moja moja, nikalipita katikati ya 5 na 6 bila kuliona. Nilikuwa nimesahau sharti tena: kwamba ikiwa namba imeshapita, kitanzi kisimame na kiseme hakikuona.

Siku ya Idi nilikuwa Muyinga tena, na nilikwenda kumwamkia yule mzee. Nilimsomea swali la wana wawili. Hakuomba kalamu. Alihesabu kwamba mafungu ni matatu yaliyo sawa, kwamba mwenye deni fungu lake ameshalila, na kwamba zile 10 basi ni za watu wawili. Kompyuta yangu ilikuwa bado inawaka. Nikamtilia ugumu: wasia uwe robo badala ya theluthi. Safari hii alinyamaza, kisha akamwagiza mjukuu wake amletee maharage. Akapanga punje nane mkekani. Mbili za mwenye wasia, tatu za mwana huyu, tatu za mwana yule. Akaondoa tatu za mwenye deni, zikabaki tano, na tano hizo ndizo zile dirhamu 10, kila punje dirhamu 2. Nne za wasia, sita za mwana.

Nilibadilisha mstari mmoja wa kitanzi na kukiendesha. Kilisimama kwenye 6. Mzee alikuwa ameshazikusanya punje zake, anauliza habari za yule bibi, kama zile 600,000 zilimfikia zote. Zilimfikia.